Huduma ya kambo, "dawa ya chura" ya Amazon: nyota mbili kati ya tano

Kinachouzwa ni ute wa ngozi ya chura Phyllomedusa bicolor, uliokaushwa kwenye kijiti. Wawindaji wa Kimatsés, mpakani mwa Peru na Brazili, huutumia kujipa nguvu na kuondoa mkosi wa mawindo. Watoa huduma wa mijini huuita "kuondoa sumu mwilini", dai lisilo na uthibitisho.

Mteja hukaa na njaa, hunywa lita moja hadi mbili za maji, kisha huchomwa vitone vichache kwa kijiti cha moto, ngozi ya juu tu. Ute ulioloweshwa hupakwa hapo. Ndani ya dakika chache moyo huenda mbio, uso huvimba, matapishi huanza. Nusu saa hivi, makali yameisha.

Balaa kubwa ni maji yenyewe. Yakizidi, sodiamu ya damu hushuka, ubongo huvimba, degedege hufuata. Anayekuhimiza "ongeza kikombe" mkimbie. Tena ute haupimwi: kitone cha kijiti hiki si sawa na cha kile. Ndiyo maana mtoa huduma makini huanza na kitone kimoja cha majaribio, hukataa wajawazito, wenye kifafa na wagonjwa wa moyo, wala hamwachi mteja aende chooni peke yake, maana watu huzimia.

Nyota mbili ni za peptidi (vipande vifupi vya protini): dermorfini, iliyomo kwenye ute, kweli hutuliza maumivu. Lakini peptidi ya maabara ina kipimo. Brazili ilizuia matangazo ya kambo mwaka 2004.