Vipuli vya Dhahabu ya Bibi: Kazi ya Sonara wa Mtwara Mjini

Asalaam aleikum na habari zenu, wapenzi watazamaji. Leo nipo nyumbani Mikindani, nimekaa barazani kwa sababu nataka mwanga wa jua. Dhahabu isikaguliwe kwenye taa ya dukani.

Haya, tazameni. Vipuli jozi moja, dhahabu ya karati 18 (karati ni kipimo cha usafi wa dhahabu, 24 ndiyo tupu), nimemtengenezea mdogo wangu anayeolewa. Dukani sikununua. Nilikwenda kwa sonara Mtwara mjini na vitu viwili mkononi: kipuli kimoja cha marehemu bibi yetu, mwenzake kilipotea shambani akiokota korosho, na mkufu wa mama uliokatika miaka mingi iliyopita.

Kwanza niwaambie kwa nini nimekuwa mkali. Mwaka juzi nilinunua bangili mahali fulani, nikaambiwa ni dhahabu tupu. Miezi miwili tu ya jasho na maji ya chumvi, mkono ukaanza kuwa kijani. Ilikuwa shaba iliyochovywa kwenye dhahabu. Na nilikuwa nimeijaribu kwa sumaku! Sikilizeni hapo: sumaku haishiki dhahabu, ila shaba nayo haishiki. Kwa hiyo sumaku peke yake haitoshi.

Sonara huyu alianza kwa jiwe jeusi. Akasugua kipuli cha bibi kikaacha mstari, akasugua na mkufu pembeni yake, kisha akadondoshea tindikali na kutazama mstari upi unafifia. Kipuli kikawa karati 22, mkufu karati 14. Akaweka mizani mbele yangu: gramu 2 huku, gramu 2 kule. Ukiyeyusha sawa kwa sawa, 22 na 14, unapata 18 kamili. Nilifurahi mno, maana ndiyo karati niliyoitaka. Dhahabu ya 22 ina manjano nzuri iliyokolea, lakini ni laini, kipuli cha kuvaa kila siku kinapinda. Ya 18 ina dhahabu robo tatu, robo iliyobaki ni madini mengine yanayoipa ugumu.

Nilikaa nikatazama mwanzo mpaka mwisho. Akayeyusha kwenye kijungu cha udongo, akamimina, akagonga, kisha akaivuta kwenye bamba la chuma lenye matundu, kila tundu dogo kuliko la kwanza, mpaka ikawa waya. Huo waya ndio umesokotwa hapa. Sogeeni karibu na kamera: nyuzi mbili zimepitana, na pale zinapokutana huoni alama ya kulehemu. Hapo ndipo fundi anapojulikana. Na nyuma, hapa, muhuri: 750. Maana yake sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu. Ukikuta 916 hiyo ni karati 22, 585 ni 14, 375 ni 9.

Kasoro ipo, na naisema. Kipuli cha kushoto, ule mti wa kuingia sikioni ulikuwa na ncha kali, ukanasa uzi wa ushungi wangu. Nikarudi kesho yake, akapiga tupa kidogo, yakaisha, hakunitoza hata senti. Hiyo ndiyo faida ya kumjua aliyekutengenezea.

Wengi mliniuliza kwa nini sikuweka tanzanaiti. Ni jiwe letu, linatoka Mererani peke yake duniani, na kwenye vipuli linakaa vizuri. Lakini bibi hakuvaa mawe. Kwa pete ya kuvaliwa jikoni na kwenye kufua, mimi ningechukua yakuti ya Tunduru, hapo jirani zetu Ruvuma, maana ni ngumu zaidi.

Bwana harusi naye tumempa pete ya fedha, muhuri 925, kwa kuwa ni Mwislamu na wanaume wetu dhahabu hawavai.

Bei sitawatajia, dhahabu inapanda na kushuka kila siku. Nililipa ufundi tu. Ninyi mkienda, ulizeni bei ya gramu mbali, ufundi mbali, na pima mbele ya macho yako kabla na baada. Zangu ziliingia gramu 4, vipuli vikatoka 3.7, na kipande cha 0.2 akanirudishia. Hicho kidogo kilichopungua ni vumbi la tupa.

Jana usiku tulimpa. Huku kusini, Wamakonde, Wamakua, Wayao, ukoo wa jadi unafuata upande wa mama, kwa hiyo mdogo wangu alijua anachopewa kabla hatujasema neno. Alivishika kwanza masikioni kwa vidole, hakuvivaa, akauliza, "Kile cha bibi ni kipi?" Mama akamwambia, "Vyote."

Kile kipande cha gramu 0.2 mama amekifunga kwenye pindo la khanga. Anasema akizaliwa msichana, kinatosha kipini.