Uzoefu wangu Bhaktapur, Nepal: lala huko, usipite tu

Mimi ni fundi seremala, Mtanzania ninayefanya kazi Doha. Karakana yetu ina Wanepali wengi, na mmoja wao ndiye aliyenishikilia kwamba nikipata likizo nisiishie kutazama milima, nifike Bhaktapur. Namshukuru sana. Naandika kwa ajili ya wale wanaopanga kwenda Kathmandu na kukuta mji huu umetengewa saa mbili tu za mchana kwenye ratiba ya matembezi. Saa mbili zinaweza kuishia kwenye dirisha moja.

Mji uko kilomita 13 hivi mashariki mwa Kathmandu, ndani ya bonde hilo hilo, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Njiani ni foleni na vumbi, jifunike pua. Ukifika getini unalipa kiingilio. Mimi nilitozwa rupia 1,800 za Nepal; watu wa nchi jirani za Asia Kusini hulipa pungufu ya hapo. Wasafiri wengi niliokutana nao walilalamikia bei hiyo. Mimi nililipa kwa moyo mweupe, kwa sababu fedha hizo hukusanywa na manispaa ya mji na huingia kwenye utunzaji wa majengo, na kazi yenyewe unaiona kwa macho. Tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015, lenye ukubwa wa 7.8, liliua watu karibu 9,000 na kuiumiza Bhaktapur vibaya. Hekalu la mawe la Vatsala Durga, lililo mbele ya kasri, liliporomoka. Leo limesimama tena. Ujenzi mwingi wa baada ya tetemeko umesimamiwa na kamati za wenyeji na kufanywa na mafundi wa papo hapo, kwa matofali, mawe na mbao, kwa namna ya wazee wao. Fundi yeyote akiona hivyo lazima avue kofia.

Basi niseme habari ya mbao, maana ndizo zilizonishika. Mapaa ya mahekalu haya yametokeza mbele sana ya kuta, na yanabebwa na mihimili iliyoegemezwa mshazari kutoka ukutani. Kila mhimili umechongwa umbo la mungu, mikono yake mingi ikifuata urefu wa ubao bila kuudhoofisha. Mbao yenyewe inatokana na mti uitwao sal, mgumu na mzito. Nilipouliza kuhusu misumari, fundi mmoja aliyekuwa akichonga barazani kwake alinionyesha kiungo: ulimi unaingia kwenye tundu, halafu kigingi cha mbao kinaizuia boriti isiteleze kutoka ukutani. Nilikaa naye asubuhi nzima. Hatukuwa na lugha ya pamoja zaidi ya maneno machache ya Kihindi niliyookota Doha, lakini patasi zake na zangu hazitofautiani sana.

Dirisha la Tausi liko upande wa mashariki wa mji, kwenye jengo la makuhani karibu na hekalu la Dattatreya. Liko kwenye kichochoro chembamba, na ukiwa na haraka utalipita. Tausi amefungua mkia duara zima, na manyoya ndiyo yaliyokuwa nafasi za kupitisha mwanga. Nimechonga milango na vitanda miaka mingi, na sijaona kazi iliyopimwa kwa utulivu kama ile.

Kasri la Madirisha 55 na Lango la Dhahabu, ambalo mfalme Ranjit Malla alilikamilisha katikati ya karne ya 18, ndivyo vinavyopigwa picha zaidi. Ni vizuri, sibishi. Huyo ndiye mfalme wa mwisho wa Bhaktapur; Wagorkha, watu wa ufalme mwingine wa Nepal, waliutwaa mji mwaka 1769. Hekalu la Taleju lililo ndani haliruhusiwi kwa asiye Mhindu, askari atakusimamisha mlangoni, na picha hapigi mtu. Heshimu, geuza.

Nyatapola ndiyo ya kukaa. Hekalu hili la mapaa matano, refu la mita 30 hivi, lilijengwa mwaka 1702 enzi za mfalme Bhupatindra Malla, na limeyavuka matetemeko makubwa ya 1934 na 2015. Ndani huingia makuhani peke yao, lakini ngazi ni za watu wote. Zimelindwa na sanamu mbili mbili: wapiganaji mieleka, tembo, simba, wanyama wenye vichwa vya ndege, na juu kabisa miungu wawili wa kike. Wenyeji husema kila jozi ina nguvu mara kumi ya iliyo chini yake. Ngazi ni kali, mwenye magoti mabovu aende polepole.

Sababu ya kulala huko ni asubuhi na jioni. Magari ya watalii yakishaondoka, mji unarudi kwa wenyewe, Wanewari. Alfajiri akina mama hupita na sinia za maua, mchele na rangi nyekundu, kengele zinalia kila kona, wazee wanaimba kwenye vibaraza. Mwezi Novemba uwanja wa wafinyanzi ulikuwa umeanikwa mpunga pembeni ya vyungu.

Kula juju dhau, mtindi mzito wa maziwa ya nyati unaogandishwa kwenye bakuli la udongo. Udongo hunyonya maji, mtindi unabaki mzito na mtamu. Muislamu mwenzangu, nyama ni ya nyati kwa kawaida na uchinjaji hutaujua, kwa hiyo shika wali, dengu na chapati za dengu ziitwazo bara.

Kasoro zipo. Pikipiki zinapita vichochoroni kwa honi na kasi isiyofaa. Vijana watakufuata wakisema wanajifunza lugha, kisha wakuingize kwenye duka la michoro. Nyumba ya wageni niliyofikia ilikuwa safi, ila maji ya moto yalikuwa ya kubahatisha na usiku wa Novemba una baridi ya kweli, beba sweta.

Ukikata tiketi, onyesha pasipoti na uwaambie getini kwamba unalala mjini. Wanaweza kukuongezea muda hadi wiki bila malipo mengine. Kwa hesabu hiyo rupia 1,800 ni bei nafuu, na mimi ningelipa tena.