Uzoefu wangu: nimelipia antivirusi mara mbili, sasa nimebaki na Defender na uBlock Origin

Laptop ya nyumbani kwetu Tabata ni used, niliichukua Kariakoo 2022, prosesa i5 gen 4 (kizazi cha nne, ya zamani), RAM 4, hard disk ya kawaida, na inatumiwa na nyumba nzima, mimi nachapa barua na mihtasari ya kikoba, mama Nasra anaweka hesabu za duka la vitenge kwenye Excel, Nasra yuko form three anashusha past papers. Kwa hiyo naongelea mashine ya namna hiyo, maana ushauri mwingi unaopewa ni kama kila mtu ana RAM 16 na fiber ukutani.

Fundi aliyenipigia Windows aliniuzia na antivirusi elfu 20, jina kubwa, akasema "bosi hii ni full, imekaa mpaka 2030". Kumbe kreki, yani ya wizi iliyovunjwa laisensi. Na ili kreki ikubali kukaa alikuwa ameizima Microsoft Defender, ile inayokuja na Windows yenyewe, kwa sababu Defender ikiiona kreki inaifuta. Baada ya miezi kama minne ile antivirusi ikawa nyekundu, haipokei apdeti, Defender nayo imezimwa, yani tulikaa muda wote huo bila ulinzi na mimi kila nikiangalia pale chini kulia naona kialama chake naamini tuko salama. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tulijua siku mama Nasra aliporudi kutoka stationari kuprinti orodha ya mzigo. Akachomeka fleshi akaniita, "Baba Nasra, mafaili yangu yote yamekuwa na vimshale". Hesabu za miezi saba. Kila folda imegeuka shotikati, ukibonyeza inafunguka kidogo afu inajifunga, na fleshi nyingine ukichomeka nayo inageuka hivyohivyo. Alilia jamani.

Kama imekukuta, usiformati. Mafaili hayajafutwa, kirusi kimeyaficha tu na kuweka shotikati za uongo juu yake, na ukizibonyeza ndo unakiamsha. Nilichofanya, nilifungua Task Manager nikaizima wscript.exe (programu ya Windows ambayo kirusi kilikuwa kinaitumia) iliyokuwa inajiendesha nyuma, afu nikafungua Command Prompt nikaandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* hiyo E ni herufi ya fleshi, angalia ya kwako isije ikawa nyingine. Mafolda yakarudi yote. Nikafuta zile shotikati pamoja na faili la .vbs, ndo kirusi chenyewe, lililokuwa limejibanza humo. Hiyo inarudisha mafaili lakini haisafishi kompyuta, kwa hiyo nikaitoa ile kreki, nikaiwasha Defender, nikaiapdeti, nikaendesha ile skani ya offline ambayo kompyuta inajizima na kuskani kabla Windows haijawaka. Ilichukua kama nusu saa, ikakamata vitatu.

Bado nilikuwa na hofu, nikanunua antivirusi halali kabisa, laisensi ya mwaka mmoja. Sitaitaja maana haikuwa mbaya kazini, ila kwenye RAM 4 mashine ilikuwa inawaka dakika nane, na kila siku kidirisha cha kuniuzia VPN, kesho cha kusafisha diski. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba ukiweka antivirusi nyingine Defender inajiweka pembeni yenyewe, hazifanyi kazi zote mbili kwa pamoja, na ukilazimisha mbili zinagombana mashine inaganda. Mwaka ulipoisha sikulipia tena. Maabara zinazopima hivi vitu kama AV-TEST ya Ujerumani zimekuwa zikiipa Defender alama za juu miaka hii, sawa na za kulipia, kwa nyumba yangu ikatosha.

Ila Defender nayo unaisaidia. Ukiingia Windows Security kuna sehemu ya kuzuia programu zisizotakiwa, hakikisha imewashwa, hiyo ndo inakamata takataka zinazokuja zimebebana na programu za bure. Na kama unatumia hotspot ya simu na umeiambia Windows isile bando, apdeti zingine zinasubiri, mimi kila Jumamosi nafungua naapdeti kwa mkono. Wa stationari wengi wanatumia Smadav ya Indonesia kwa ajili ya fleshi, sina ugomvi nayo, lakini wenyewe wanaoitengeneza wanasema ni ya kusaidiana na antivirusi nyingine, usiitegemee peke yake.

Sasa brauza, na hapa ndo nimeona tofauti kubwa zaidi. Nasra alikuwa anaingia saiti za past papers zenye vitufe vitano vya kudaunlodi, kimoja cha kweli vinne vya uongo. Na alibonyeza kuruhusu notifikesheni, ikawa kila saa kinatokea kidirisha pembeni kusema kompyuta ina virusi 13 lipa hapa. Nikaskani mara tatu haikamati kitu, kwa sababu hakikuwa kirusi, ni ile saiti inatuma matangazo kupitia brauza. Unaingia setingi za brauza, upande wa notifikesheni, unaifuta hiyo saiti, basi. Kuna watu wanapeleka kompyuta kwa fundi wanatoa hela kwa ajili ya hicho.

Nikaweka uBlock Origin, ekstensheni (kiprogramu cha nyongeza ndani ya brauza) ya kuzuia matangazo, ya bure, matangazo yakakauka pamoja na vile vitufe vya uongo, kurasa zinafunguka fasta, na bando la wiki lililokuwa linakata Alhamisi sasa linafika Jumapili kwa sababu matangazo hayashushwi kabisa. Hakikisha imeandikwa Origin na mtengenezaji ni Raymond Hill, maana kuna yenye jina linalofanana na siyo yeye. Kwenye Chrome ile kamili imeshazimwa baada ya Google kubadili mfumo wa ekstensheni, imebaki uBlock Origin Lite ambayo nguvu zake ni pungufu, ndo maana tumehamia Firefox. Saiti moja ya malipo kitufe kilikataa kubonyezeka, nikaizima uBlock kwa saiti hiyo tu, ikapita.

Niliweka na Privacy Badger, ekstensheni ya kuzuia saiti zisikufuatilie, ya EFF, shirika la Marekani la kutetea haki mtandaoni, nikaitoa baadaye, siyo kwa ubaya, Firefox yenyewe inazuia vifuatiliaji vingi na kila ekstensheni inakula RAM. HTTPS Everywhere, ile ya kulazimisha saiti zifunguke kwa njia salama ya https, watu bado wanaishauri wakati ilishastaafu 2023, washa tu HTTPS-Only kwenye setingi.

Kingine, kabla hujaweka ekstensheni soma inaomba ruhusa gani, ikisema itasoma data zako kwenye saiti zote maana yake inaona kila unapoingia. Avast ambao ni watu wa antivirusi, FTC, mamlaka ya Marekani ya kulinda watumiaji, iliwatoza dola milioni 16.5 mwaka 2024 kwa kuuza data za kuperuzi za watumiaji wao kupitia kampuni yao tanzu ya Jumpshot, data zilizokusanywa na ekstensheni pamoja na antivirusi ambazo watu waliziweka ili zilinde faragha yao. Nilipolisoma hilo niliingia kwenye brauza ya Nasra nikakuta ekstensheni sita, mojawapo ya kubadilisha PDF na hakumbuki aliiweka lini. Nikamwita tukazifuta wote wawili tumekaa, nikimweleza moja moja, ikabaki uBlock tu.

Stationari sa hivi tunatuma kwa WhatsApp, fleshi ya hesabu haitoki ndani. Kilichobaki ni Windows 10 yenyewe, sapoti iliisha tarehe 14 Oktoba 2025 na gen 4 haikubaliki rasmi kwenye Windows 11, nimejiunga na ule mpango wa Microsoft wa kuongezewa apdeti za usalama mwaka mmoja huku tunadunduliza hela ya laptop ya gen 8. Siku ya kuipiga Windows nitakaa pembeni ya fundi mpaka amalize, na Defender haizimwi.