Ushauri wa familia Moshi: tulimpeleka mtoto, wakaanza na sisi

Kijana wetu ana miaka 10. Tangu mdogo wake azaliwe amekuwa akimpiga, anatupa vyombo, anagoma kuoga. Baba yake anashika fimbo, mimi namkingia kifua, ugomvi unahamia kwetu. Ndipo tukaenda kwa mshauri mmoja jirani na Soko la Mbuyuni, shilingi 25,000 kwa kikao. Tumemaliza vikao 5.

Hakuanza na mtoto. Alitupatia daftari: kila anapolipuka, andikeni kilichotangulia, alichofanya, na nyinyi mlifanya nini baadaye. Baada ya wiki mbili tuliona wenyewe. Karibu kila mara ni jioni, nimembeba mdogo wake, naye ananiita mara ya tatu simwitikii. Akitupa kikombe tu, nageuka! Nililia njia nzima kurudi Majengo.

Sasa ana dakika 15 zake na mimi kabla sijawasha jiko. Amri ni moja, fupi, kwa sauti ya chini. Akifanya vizuri namtajia hasa alichofanya. Mimi na baba yake tunabishana chumbani, si mbele yake. Wiki ya kwanza alizidi, mshauri alishatuonya.

Dosari: wanaosubiri kwenye korido wanasikia ya ndani. Kwa siri za nyumba hilo halifai kabisa, na nimemwambia. Wasio na hela ya kikao, namba 116 ya huduma kwa mtoto haina malipo.

Kuoga bado anagoma. Ila jana alimmenyea mdogo wake ndizi.