Uzoefu wangu na Orange katika kusaka viashiria vya ugonjwa kwenye jeni

Nafanya kazi za maabara hapa Chake Chake, na msimbo wa kompyuta sijausomea. Ndiyo maana nikaipenda Orange, programu ya bure kutoka Chuo Kikuu cha Ljubljana, Slovenia. Ukishaipakua na kuiweka data yako ndani, intaneti ikikatika kazi inaendelea, na kwa sisi wa Pemba hilo si jambo dogo. Unaburuta vijisanduku, unaviunganisha kwa mistari, basi.

Niliijaribu kwa data mashuhuri ya Golub na wenzake ya 1999: wagonjwa 72 wa saratani ya damu ya aina mbili, ALL na AML, kila mmoja na vipimo vya jeni takriban 7,000. Kijisanduku cha Rank kikazipanga jeni kwa uwezo wa kuzitenganisha aina hizo, na jeni iitwayo zyxin ikachomoza juu, kama watafiti wenyewe walivyoona. Ukichagua nukta kwenye mchoro, wagonjwa wale wale wanatokea papo hapo kwenye jedwali. Raha tupu.

Raha hiyo ina mtego, na mtego huo hauihusu programu hii peke yake. Jeni 7,000 ukizipima kwa kiwango cha 0.05, yaani kukubali kudanganywa na bahati mara tano katika mia, kama 350 zitaonekana za maana kwa bahati tu. Basi nikafanya ukorofi: kwa kijisanduku cha Randomize nikavuruga nani ana ALL na nani ana AML, nikachagua jeni 20 bora, nikazipeleka Test and Score, kijisanduku kinachowagawa wagonjwa duru kwa duru, wengine wa kuifundishia kompyuta na wengine wa kuijaribia, kisha kinatoa alama za ubashiri. Alama zikatoka za kupendeza! Uongo mtupu, maana jeni zilichaguliwa kwa kuwatazama wagonjwa wote, hata wale wa kujaribia. Dawa yake ni kuuweka uchaguzi ndani ya Preprocess, kijisanduku cha kuandaa data, na kuiunganisha moja kwa moja na Test and Score, ili kila duru ichague upya kwa wagonjwa wa kufundishia pekee. Nilipofanya hivyo, alama zikaporomoka hadi kwenye kubahatisha, panapostahiki.

Faili za jenomu nzima usihangaike nazo humu. Data hukaa kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na kompyuta ndogo itakwama. Menyu nazo, kwangu, zilikuwa za Kiingereza.

Kwa mwanafunzi anayeanza wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, naipa nyota nne. Lakini jeni uliyoipata humu usimpelekee daktari kabla hujaipima kwa wagonjwa wengine kabisa, khasa wa kwetu.