RG-174 au RG-316 ndani ya amplifaya?

Hizi ni kebo nyembamba za koaksia: waya wa katikati, kihami juu yake, kisha msuko wa nje. Ukizishika mkononi hazipishani sana: RG-174 ina unene wa milimita 2.8 hivi, RG-316 kama 2.5, na zote ni za omu 50. Wengi wanaojiundia amplifaya za redio za ridhaa huvutwa na RG-174 kwa bei yake tu. Upotevu wa mawimbi usikuumize kichwa. Kwa kipande cha sentimita 30 kwenye mawimbi mafupi, hauna uzito.

Tofauti utaiona ukishika pasi ya kulehemu. Kihami cha RG-174 ni polietilini. Ukikawia sekunde chache kwenye msuko wa nje, plastiki inalainika, waya wa katikati unahama na kuugusa msuko. Shoti ya namna hiyo huioni kwa macho. Labda mita ikuambie, na pengine isubiri mpaka kifaa kipate moto. RG-316 ina Teflon, inayostahimili hadi nyuzi 200 za Selsiasi, kwa hiyo unalehemu bila papara.

Hata hivyo, upande wa kuingilia, panapopita wati chache, RG-174 inatosha, mradi uilaze mbali na joto la valvu (mirija ya kielektroniki ya kukuza mawimbi) na transfoma. Upande wa kutokea usithubutu. Wati 1,500 kwenye omu 50 ni takriban ampea 5.5, na antena isipolingana na kebo, mkondo huweza kupanda zaidi. Hapo hata RG-316 siiamini. Naweka RG-400, nene karibu mara mbili na yenye misuko miwili, ingawa kuikunja kwenye kona finyu ni shughuli.