Gwangjang, Seoul: ukienda kufuata mzigo Dongdaemun, kula hapa

Wadau wa nguo mnaopanga kwenda Korea Kusini, huwa tunaulizana bei za Dongdaemun tu, lile eneo la maduka ya nguo za jumla hapo Seoul, msosi mtu anamalizana nao hotelini na tambi za kikombe. Msifanye hivo jamani. Kutoka kwenye yale majengo ya jumla unatembea kwa mguu tu unafika soko la Gwangjang, na kwangu mimi hapo ndo nimewaelewa Wakorea kuliko kwenye vikao vyote vya biashara.

Soko ni la zamani, lipo tangu 1905, na lina paa juu kwahiyo mvua haikusumbui. Ukipanda treni ya chini ya ardhi shuka Jongno 5-ga, laini namba 1. Katikati kuna vibanda vya kina mama vimepangana, unakaa kwenye benchi uso kwa uso na mpishi, na kipindi cha baridi hayo mabenchi yanapashwa moto kwa umeme, yaani umetoka nje masikio yamekufa ganzi afu unakaa sehemu ya moto na mvuke wa supu unakupiga usoni, raha yake acha tu.

Cha kuagiza kwanza ni bindaetteok. Hiyo ni choroko! Choroko hizihizi, zimelowekwa zikasagwa hapohapo mbele yako kwenye jiwe linalozungushwa na mota, uji wake mzito unachanganywa na choroko zilizochipua na mboga afu unakaangwa kwenye mafuta mengi kabisaa, duara nene la kujaza sahani. Nje inakuwa kavu inavunjika mdomoni, ndani laini kama bhajia ya dengu iliyotoka jikoni sasa hivi, na unachovya kwenye soya sosi yenye vitunguu. Mi nilirudia sahani. Ila Waislamu wenzangu ulizeni kwanza, wengine wanachanganya nyama ya nguruwe, mwonyeshe mama maandishi kwenye simu atakujibu.

Baada ya hapo kalguksu, tambi za unga wa ngano zinakatwa kwa kisu unaona, zinaingia kwenye supu ya moto. Kuna na nyama mbichi ya ng'ombe yenye kiini cha yai juu, watu wanaifuata kutoka mbali, mi hiyo nimeiacha. Kimchi inakuja yenyewe bila kuagiza, ikiisha unaongezewa na hulipii, kabichi ya Kichina iliyochachuka na pilipili na kitunguu saumu. Mara ya kwanza ule uchachu unashtua, lakini ukila na kitu cha mafuta unaelewa kwanini haikosi mezani. Vijiti vyao ni vya chuma na vinateleza, ila wali wanakula kwa kijiko kwahiyo njaa haikupati.

Kilichonigusa zaidi ni heshima. Kadi ya biashara unapewa kwa mikono miwili, na we pokea kwa miwili uisome kidogo kabla hujaiweka. Mwenyeji wangu alinipeleka kula na baba yake, hakuna aliyegusa kijiko mpaka mzee ameanza, na kinywaji hujimiminii, unammiminia mwenzako naye anakumiminia. Nilisema situmii pombe, wakaniwekea soda na tukagonganisha glasi kama kawaida, hakuna aliyenilazimisha. Tangu siku ile nikawa napokea hata chenji kwa mikono miwili na wale kina mama wa sokoni sura zao zilikuwa zinabadilika kabisa, mmoja akaniongezea kipande. Bakshishi hawana hiyo desturi, lipa bei yako basi.

Ukishiba panda ghorofa ya pili, kuna mitumba mizuri sana, makoti na jinzi zimechambuliwa, na sehemu nyingine vitambaa na hariri. Kwa biashara ya kontena bei siyo rafiki, ila kuangalia mitindo inafaa. Maduka mengi ya vitambaa Jumapili yanafungwa.

Anayetaka halali bila kuuliza maswali achukue laini namba 6 mpaka Itaewon, kuna msikiti mkuu wa Seoul umefunguliwa 1976 na migahawa ya halali iko njia nzima ya kupandia. Ijumaa nendeni mapema, panajaa.